Moto Uliolala Zizini



Ndugu zangu waamini, juma hili naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaona halina hadhi ya ukurasa huu, nalo ni kinyesi cha ng'ombe. Waisomao Biblia kwa utaratibu hawatashangaa. Katika sura ya 4 ya kitabu cha Nabii Ezekieli, nabii anaagizwa kuoka mkate wake juu ya moto wa kinyesi cha binadamu, iwe ishara ya unajisi wa uhamisho. Anapolalamika kwamba hajapata kujinajisi tangu ujana wake, anapunguziwa mzigo na kuruhusiwa kutumia kinyesi cha ng'ombe. Nacho katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja tu wa rehema, apate kuupalilia na kuutia samadi. Hapo kuna nishati, na hapo kuna mbolea. Watu wa nyakati hizo iliwapasa kuchagua: samadi iliyochomwa motoni haikufika tena shambani. Sisi hatulazimiki kuchagua. Mtambo mmoja uliofukiwa ardhini huitoa gesi kwanza, kisha huirudisha samadi ile ile ikiwa mbolea, na jambo moja haliliibii jingine. Hata hivyo, katika nyanda hizi za juu za Kigoma, kutoka Nyabibuye hadi Kibondo na Kasulu, samadi nyingi bado inanyeshewa mvua zizini huku mama mwenye nyumba akipanda kilima kutafuta kuni.

Tuanze na hizo kuni. Huku kwetu ni kawaida kusema kwamba misitu imemalizwa na wakimbizi. Hakuna awezaye kukana kwamba mkoa wetu umebeba mzigo mkubwa kuliko mikoa mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imekuwapo tangu mwaka 1996. Ndugu zetu wa Burundi walipokimbia tena mwaka 2015, Nduta ilifunguliwa upya mwezi Oktoba mwaka huo, na Mtendeli, hapa wilayani Kakonko, ikafuata mwezi Januari 2016. Maelfu ya familia zilizopikia mafiga matatu chini ya turubai zililazimika kupata kuni mahali fulani, na wanawake waliokwenda kuzitafuta porini walikutana huko na mambo ambayo sitayaandika hapa. Lakini Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, na miti haikurudi kusimama nyuma ya nyumba zetu. Tanuri za matofali bado zinawaka. Tumbaku bado inakaushwa. Mkaa bado unafungwa katika magunia kwenda mijini. Na kila nyumba ya Nyabibuye, ya mkulima hata ya mwalimu, inapika maharage, chakula ambacho kwa ulaji wake wa kuni hakina mpinzani. Tumekwisha kuwalaumu wageni vya kutosha. Sasa yafaa tuyatazame mafiga yetu wenyewe.

Wengine watanijibu kwamba umeme umefika. Ni kweli, na tunashukuru: mwaka 2022 mkoa wetu ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa baada ya miaka mingi ya jenereta za mafuta. Lakini umeme vijijini umeleta taa, simu na mashine za kusaga. Haujaleta sufuria ya maharage. Mitungi ya gesi nayo imeanza kuonekana madukani, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni lengo jema. Ila mtungi ukiisha Nyabibuye, hubebwa kwenye pikipiki hadi mjini kwenda kubadilishwa, nayo fedha ya kuubadilisha hupatikana msimu wa mavuno na kutoweka mwezi wa Januari. Mtambo wa samadi ndio pekee, kati ya njia zote tunazohubiriwa, ambao mafuta yake hulala nyumbani kwetu kila usiku yakicheua.

Kwa wale ambao hawajauona, niueleze kwa ufupi. Ni shimo la mviringo lililojengwa kwa matofali na saruji, lenye paba kama chungu kilichofunikwa, lote likiwa chini ya udongo. Upande mmoja kuna mahali pa kukorogea, ambapo samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, kisha huteremka ndani. Humo hamna hewa. Vijidudu visivyohitaji hewa huila ile samadi polepole na kutoa gesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ile inayowaka. Gesi hupanda juu ya paba na kupita katika bomba hadi jikoni. Kwa kadiri gesi inavyojaa, ndivyo inavyolisukuma tope lililokwisha kuchacha kutoka upande wa pili. Hakuna injini wala kifaa kinachozunguka, na kwa sababu hiyo mtambo uliojengwa na fundi hodari waweza kudumu miaka 20 na zaidi. Kilo 25 hivi za samadi mbichi hutoa takriban meta moja ya ujazo ya gesi, ambayo hufanya kazi ya kilo 5 hivi za kuni. Mwali wake ni wa bluu, hautoi moshi, wala hautii harufu katika chakula. Nalisema hili la harufu kwa makusudi, kwa maana ndilo swali la kwanza la kila mama: je, ugali hautanuka? Haunuki. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, ujue gesi inavuja kabla ya kuwaka. Funga bomba na umwite fundi.

Moshi, kwa upande wake, si jambo la macho kuwasha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo zaidi ya 230,000 wasiofikia umri wa miaka mitano. Mtoto wa namna hiyo, kwetu, ndiye yule anayebebwa mgongoni mama akichochea moto.

Elimu hii si ngeni nchini. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilijenga mitambo ya kwanza katika miaka ya 1970 kwa mfano wa Kihindi, yenye pipa la chuma linaloelea. Chuma kikaliwa na kutu, na gharama zikawashinda wengi. Baadaye Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoko Arusha, kwa msaada wa Wajerumani tangu mwaka 1983, kikaunda mtambo wa paba ya matofali usiohitaji pipa. Dodoma wakapata chama chao, MIGESADO, yaani Miradi ya Gesi ya Samadi Dodoma, jina ambalo kwa maoni yangu ni zuri kuliko neno biogesi tunalolitumia sisi sote. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, chini ya CAMARTEC na wenzao wa Uholanzi, ukilenga mitambo 12,000 katika miaka mitano. Lengo hilo halikufikiwa kwa muda uliowekwa, ingawa maelfu yalijengwa.

Na mengi kati ya hayo maelfu yako wapi? Arusha, Kilimanjaro, Mbeya, Njombe. Sababu yake si siri, wala si kwamba watu wa huko wana akili kutuzidi. Mchaga na Mmeru wamefuga ng'ombe ndani ya banda kwa vizazi vingi, kwa kuwa ardhi yao ni finyu. Majani huletwa kwa ng'ombe, na samadi hubaki mahali pamoja. Ng'ombe wetu wa Buha, mwenye pembe ndefu, hutoka asubuhi, huzunguka mabonde siku nzima, naye huiacha nusu ya samadi yake njiani. Anaporudi jioni analala katika zizi la udongo, na samadi yake hukanyagwa na kuchanganyika na mchanga, ambao ukiingia mtamboni hutulia chini na kuujaza. Mtu akituletea mtambo bila kulitazama zizi, ameleta sufuria kwa asiye na unga.

Kuna jambo lingine linalogusa mila. Ng'ombe katika nchi ya Waha hakuwa mnyama wa maziwa tu. Alikuwa dhamana, alikuwa mahari, alikuwa kifungo cha urafiki baina ya aliyetoa na aliyepokea. Wingi wa pembe ndio uliokuwa heshima. Kumwambia mzee mwenye ng'ombe 12 auze baadhi yao ili ajenge banda lenye sakafu ya saruji kwa ajili ya wawili waliobaki, ni kumwambia apunguze jina lake. Simcheki mzee huyo. Lakini pia simwachi aende bila kuulizwa: je, kati ya hizo pembe 24, ni ipi inayomletea mkewe kuni?

Maana hapo ndipo penye kiini cha shauri langu. Uamuzi wa kujenga mtambo uko mikononi mwa baba, kwa sababu ng'ombe ni wake na fedha ni yake. Faida ya gesi iko mikononi mwa mama na binti, kwa sababu kuni ni zao. Jambo ambalo mmoja hulipia na mwingine hufaidi, huahirishwa. Baba hapandi kilima, hasikii shingo ikimuuma, wala haachi shule siku ya Ijumaa ili nyumbani pawe na kuni za Jumapili. Ataezeka bati kwanza, atanunua pikipiki, na kuhusu jiko atasema mama zetu walipika hivi hivi. Nimesikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara imetoka kwa mtu aliyeshiba.

Ndiyo sababu nadhani wahamasishaji wengi wameanzia mlango usio sahihi. Wameihubiri gesi, nao wanaume wakaisikia kama habari ya jikoni. Afadhali tungeanzia kwenye tope. Tope linalotoka mtamboni lina karibu naitrojeni, fosfeti na potashi yote iliyoingia, kwa kuwa gesi inayoondoka ni kaboni na haidrojeni. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imekwisha kugeuka kuwa katika hali ambayo mmea waweza kuinywa mara moja, tofauti na samadi ya zizini inayohitaji miezi kuoza. Mbegu nyingi za magugu zimekufa humo ndani. Harufu imepungua, na nzi hawalifuati kama wanavyoifuata samadi mbichi. Udongo wetu wa vilimani umechoka: mvua nyingi zimeukamua, tunapanda mihogo na maharage pale pale mwaka baada ya mwaka, na migomba ya wazee inazaa mikungu ya kubebwa kwa mkono mmoja. Majirani zetu Wahaya walilijua jambo hili kabla ya mtaalamu yeyote. Vibanja vyao vya migomba viliumbwa na samadi juu ya ardhi duni, na mahali ng'ombe walipokwisha, migomba nayo ilidhoofika.

Bei ya mbolea ya dukani ilipopanda mno, serikali ililazimika kuanzisha ruzuku mwaka 2022, na wakulima wakapanga foleni kwa ajili ya mifuko. Mwenye mtambo hakuwa na haja ya kupanga foleni ndefu hivyo. Baba ambaye hatashawishika kwa moshi wa mkewe, huenda akashawishika kwa mkungu wa ndizi. Si sababu tukufu sana, lakini paba ikishajengwa, gesi haiulizi ilijengwa kwa nia gani.

Lakini lazima tope lishughulikiwe. Likiachwa juani likakauka, naitrojeni huruka hewani na kinachobaki ni kama nusu ya mali. Lichimbiwe shimo lenye kivuli, lichanganywe na majani makavu na maganda ya maharage ili liwe mboji, au lipelekwe shambani likiwa bichi na kufunikwa udongo siku hiyo hiyo. Aliye na migomba mteremkoni chini ya mtambo ana bahati, kwa kuwa mfereji mdogo utamfanyia kazi yote.

Sasa niseme na upande wenye ugumu, kwa kuwa sipendi matangazo yanayoficha bei. Mtambo mdogo kabisa, wa meta 4 za ujazo, hutaka si chini ya kilo 20 za samadi kila siku, pamoja na ndoo moja ya maji. Ng'ombe wawili wa banda wanatosha. Wale wanaochungwa watahitajika wanne au watano. Saruji, matofali, mabomba, jiko na ujira wa fundi hupita shilingi milioni moja kwa mbali. Matofali yenyewe huchomwa kwa kuni, na hilo ni deni ambalo mtambo utaanza kwa kulilipa. Halafu kuna maji. Ikiwa mama atapumzishwa mzigo wa kuni ili apewe mzigo wa maji ya kukorogea samadi, tumembadilishia msalaba tu. Nyumba isiyo na maji karibu, wala bati la kukingia maji ya mvua, isubiri. Banda lenye sakafu ngumu husaidia kidogo hapa, kwa kuwa mkojo wa ng'ombe waweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, na tope litakalotoka litakuwa na nguvu zaidi. Mwezi Juni na Julai, usiku unapokuwa wa baridi huku juu, gesi hupungua, mafiga yasivunjwe. Na maharage yalowekwe usiku kucha kabla ya kupikwa, sivyo gesi ya siku nzima itakwisha kabla hayajaiva.

Tujifunze pia kwa jirani. Rwanda ilisifiwa, tena kwa haki, kwa mitambo mikubwa ambayo taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, iliijenga magerezani kuanzia mwaka 2001, ikitumia kinyesi cha wafungwa wenyewe, hata ikatunukiwa tuzo ya Ashden mwaka 2005. (Wale wenzetu wanaokataa katakata kuunganisha choo na mtambo wana nabii mzima nyuma yao, basi sitabishana nao.) Lakini mpango wa nchi hiyo hiyo wa mitambo ya majumbani, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la mitambo 15,000, haukwenda vivyo hivyo. Lengo lilikosekana, na mitambo mingi iliachwa baada ya muda. Magereza yana watu wa zamu na bwana afya. Nyumbani, ng'ombe akiuzwa kulipa ada ya shule, mtambo unakufa njaa. Bomba likijaa maji, hakuna anayejua pa kuyatolea. Ufa mdogo ukitokea juu ya paba, gesi yote huondoka kimyakimya. Na methani inayovuja bila kuwaka huipasha joto dunia mara nyingi zaidi ya moshi wa kuni tuliotaka kuuepuka. Mtambo mbovu si mapambo yasiyo na madhara.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alivitaja kwa sifa vyama vya ushirika vinavyojizalishia nishati mbadala mahali vilipo. Nalichukua neno ushirika kwa uzito wake. Sitaki tusubiri mfadhili atakayegawa mitambo ya bure, kwa kuwa kilichotolewa bure kwetu huachwa bure. Sitaki pia mjane mwenye ng'ombe mmoja akope asichoweza kulipa. Ninachokiona kinawezekana ni hiki: jumuiya ndogo ndogo zenye nyumba kumi, kumi na tano, zichangishane kwa zamu kama wafanyavyo akina mama wa WAWATA katika vikundi vyao vya kuweka na kukopa, na nyumba ya kwanza iwe ile yenye samadi na maji ya kutosha, si ile ya mwenyekiti. Kila kata ipate waashi wawili walioshika kazi kwa kufundishwa na CAMARTEC, vijana wa hapa hapa, ili fundi wa kuziba ufa asitoke Arusha. Shule na zahanati zenye kulisha watu wengi zianze kabla yetu sote, kwa kuwa agizo la serikali la kuzitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa limeanza tangu Januari 2024.

Kabla ya lolote, kila mwenye zizi apime. Achukue ndoo ya lita 20, na kila asubuhi, kwa siku 7, akusanye samadi safi isiyo na mchanga, aandike katika daftari imejaa ndoo ngapi. Aandike pia maji yanatoka wapi na nani anayebeba. Mkewe awepo wakati wa kuandika, naye atie sahihi. Watakaopata ndoo moja iliyojaa kila siku, bila kuruka, walete madaftari yao baada ya Misa ya pili, tuketi na waashi.